Kamati ya Safari ya Watu Wawili

Mke wangu alinipa figo yake, mimi nikamuundia kamati. Wacha nieleze mwenyewe, maana hapa mtaani kwetu Skuta jambo hili limeshazungushwa sana na kila aliyelizungusha ametia chumvi yake.

Naitwa Kingori. Nauza mchele wa Mwea hapa mjini Nyeri, na kabla sijafungua duka nilikuwa dereva wa lori, nikipeleka mchele huohuo Nanyuki na kurudi na mbuzi. Mke wangu ni Phyllis, lakini kwangu na kwa mtaa mzima ni Mama Nyawira, kwa jina la binti yetu anayefanya kazi Nairobi. Presha iliniulia figo zote mbili kimyakimya. Nilipokuja kushtuka nilikuwa mtu wa mashine ya kusafisha damu, uso umefura, miguu imefura, mkojo hakuna. Ninyi mnaokojoa asubuhi mkipiga miayo bila hata kusema asante, Mungu awasamehe tu.

Madaktari wakasema nitafutiwe mtu wa kunipa figo. Ndugu zangu wakapimwa. Wengine hawakufaa, wengine walifaa halafu wakakumbuka wana shughuli nyingi. Siwalaumu, figo si jembe la kuazimana. Mama Nyawira alienda kupimwa bila kuniambia. Alirudi, akaweka kibeti mezani, akafunga kitambaa kichwani, akasema, "Yangu inakufaa. Utakula nini?" Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nitaishi.

Lakini sikufika kwenye kisu kwa nguvu zetu wawili. Watu walichanga. Kaka yangu mkubwa, Theuri, aliendesha harambee. Jirani yetu Warigia akawa mwekahazina. Kanisa lilitoa, wenye malori walitoa, hata wamama wa sokoni ninaogombana nao kila siku kuhusu vipimo walitoa. Jambo hilo siwezi kulisahau mpaka nife, na ndilo lililoleta taabu yote.

Sasa, kwetu huku Mungu akikutendea mema hukai nayo kimya. Unafanya shukrani. Unaleta tenti, viti vya kukodi, mbuzi, mpishi, mtu wa kushika kipaza sauti, na padri au pasta wa kuomba mpaka chakula kipoe. Mwaka juzi nilipasuliwa, mwaka jana nikapata nguvu, mwaka huu nikaona wakati umefika. Nilimkuta Mama Nyawira nje akichambua minji.

"Nataka nikufanyie shukrani," nikamwambia. "Unataka tenti ngapi?"

"Sitaki tenti."

"Unataka nini basi?"

"Nipeleke Zanzibar."

Nilicheka. Nilipoona yeye hacheki, nikafunga mdomo.

"Siku mbili tukae kwa ule mji wao wa zamani," akasema, bado anachambua minji. "Nitembee kwa zile njia nyembamba, nione ile milango wamechonga. Halafu siku tatu baharini. Nikae kwa maji mpaka vidole zikunjane."

Mimi nimeishi na mwanamke huyu tangu tukiwa vijana, na sikumbuki kumsikia akisema nataka kitu, labda awe anataka chumvi kutoka dukani. Nikajibu hapo hapo: tutaenda. Nilihisi furaha imenijaa mpaka kooni. Halafu nikafanya nini? Nikampigia Theuri simu.

Usinilaumu kabla hujatujua. Sisi watu wa huku jambo kubwa hatulifanyi mtu peke yake. Harusi ni kamati, mazishi ni kamati, mtoto akienda chuo ni kamati. Ng'ombe akitumbukia shimoni, kabla hajatolewa kutakuwa kumeshachaguliwa mwenyekiti. Theuri aliposikia Zanzibar akasema, "Kingori, hiyo ni kitu kubwa. Ni ng'ambo hiyo. Wacha niite watu."

Jumapili baada ya kanisa sebule yangu ilijaa. Walikuja walewale wa harambee, na mimi nikaona ni heshima kubwa ajabu. Watu walionihangaikia nikifa wamekuja kunihangaikia nikiwa mzima! Mama Nyawira akapika chai, akaleta nduma, akarudi jikoni, akaleta mandazi. Theuri akachaguliwa mwenyekiti kwa sababu hakuna mtu ana ujasiri wa kumchagua mwingine. Warigia akarudi kwenye uhazina wake. Likaundwa kundi la WhatsApp, likaitwa Zanzibar Tunakuja, na picha ya kundi ikawekwa mimi nikiwa nimevaa suti.

Basi maneno yakaanza. Kuna waliotaka ndege, kuna waliotaka basi la kukodi mpaka Dar es Salaam halafu meli. Kuna aliyeuliza kama huko kuna baridi, tubebe masweta. Akajibiwa kwamba masweta yabebwe tu, baridi ni baridi. Mwingine akauliza, "Sasa mtu akitoka kwa hiyo maji ya chumvi, anaoga wapi tena?" Mzee mmoja akasema yeye bahari ataiangalia akiwa mbali, inatosha. Mwingine akaonya kwamba tukifungua mdomo huko na hiki Kiswahili chetu tutauziwa maji kwa bei ya Wazungu, kwa hivyo atafutwe mtu mmoja wa kutuongelea.

Likaja suala la chakula. Theuri akasimama.

"Hao watu wanapika wali na nazi," akasema. "Tumbo zetu hazijazoea nazi. Kingori yuko na mchele, tutabeba. Tutabeba viazi na sufuria zetu. Na jikoni ni Mama Nyawira atasimamia. Kwa chapati kuna mtu anaweza kumshinda hapa?"

Hakuna, wakasema wote, na wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Mama Nyawira alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Alitabasamu vile mtu hutabasamu akiwa na wageni, akasema sawa, akaenda kuongeza maji kwenye sufuria.

Wiki iliyofuata tulikuwa ishirini na mmoja. Kwaya ilikuwa imeomba nafasi.

Ahmednoor ndiye wa kwanza kuniuliza swali la maana. Huyu ni mfanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki, rafiki yangu tangu siku za lori, na mpaka leo hununua mchele kwangu. Nilijua yeye na mkewe Fowsia waliwahi kwenda Zanzibar, nikamkalisha juu ya gunia nikamwomba anieleze.

Akaeleza vizuri sana. Kwanza tulale Mji Mkongwe, hoteli ndogo ya ndani, si lazima kubwa, tuamke mapema tutembee kabla jua halijawa kali. Tusikimbie kutafuta njia, tukipotea tupotee tu, mji wenyewe ni mdogo utatutapika upande wa pili. Mama afunike mabega akitembea mjini, ni heshima. Jioni tule Forodhani, ile bustani ya kando ya bahari wanakochoma vyakula. Halafu tutafute gari litupeleke kaskazini, Nungwi, kwa sababu upande wa mashariki maji yakitoka yanaenda mbali sana, unatembea kwenye matope unayatafuta, lakini Nungwi unaogelea muda wowote.

"Fowsia alikaa kwa maji mpaka nikamletea chakula huko huko," akasema akicheka. "Sasa mko wangapi? Wewe na mama?"

"Ishirini na mmoja."

Akaniangalia. "Ishirini na nini?"

"Na mmoja. Kuna kwaya."

"Kingori, wallahi," akasema, "ulioa huyo mama ama ulioa kanisa?"

Nilikasirika. Mtu unamwomba maelezo ya bahari anakuletea maelezo ya ndoa. Nikamwambia mchele wake uko tayari, aupakie aende, Nanyuki ni mbali. Aliondoka bado anacheka, na mimi nikakaa dukani nikigombana naye peke yangu mpaka wakati wa kufunga. Nilijiambia: hao watu ni wangu, walinitolea jasho, nitawaachaje?

Siku chache baadaye Theuri alikuja nyumbani na fulana. Alikuwa ameshonesha moja ya mfano, ya kijani, ili kamati ipitishe zingine. Kifuani kulikuwa na uso wangu, mkubwa, meno yote nje, na chini yake maneno: Shukrani za Mzee Kingori, Zanzibar. Mimi nikaona imetoka vizuri. Sitadanganya, nilipenda. Nikamwita Mama Nyawira aje aone.

Alipangusa mikono, akaishika fulana, akaigeuza mgongoni akatazama, akaigeuza tena mbele. Mgongoni hakukuwa na kitu.

"Ni nzuri," akasema. "Mimi siendi."

"Huendi wapi?" nikauliza.

"Zanzibar. Nyinyi endeni. Figo yangu moja itakuwa huko, itaniwakilisha."

Akamrudishia Theuri fulana ikiwa imekunjwa vizuri, akachukua ungo, akaenda kuchuma sukuma wiki. Theuri alicheka mpaka akakohoa, "Huyu shemeji yangu ana maneno!" Mimi sikucheka. Namjua mke wangu. Akipiga kelele ana njaa au amechoka, itapita. Akiongea polepole namna ile, amemaliza.

Zikafuata siku ambazo sitaki zirudi. Hakunikosea chochote. Dawa zangu za kumeza, zile za kuzuia mwili usiikatae figo, aliniwekea mezani kwa wakati. Maji ya kunywa alinipimia kama kawaida. Chakula kilikuwa kitamu. Maneno ndiyo hayakuwepo. Na mimi, badala ya kufikiri, nikapandwa na hasira. Ati nini? Umeomba Zanzibar, umeletewa Zanzibar na watu wake, bado umenuna! Nilimlalamikia Nyawira kwenye simu. Binti yangu akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Baba, wewe huwa unaskia mwenyewe ukiongea?" Akakata. Watoto wa siku hizi.

Wiki hiyo nilikuwa na miadi ya kliniki, na Mama Nyawira akanisindikiza vile hunisindikiza kila mara. Daktari alipima damu, akatazama majibu, akasema figo inafanya kazi vizuri sana. Nikamuuliza kuhusu safari. Akasema niende kwa amani, ila nivae kofia kubwa na nisikae juani, nisile vitu vibichi vya baharini, nisikose dawa. Chanjo ya homa ya manjano mimi sitadungwa kwa sababu ya hizo dawa, akaniandikia barua ya kuonyesha uwanja wa ndege. Nikawa nimeridhika, nikasimama.

Daktari hakusimama. Alimgeukia mke wangu. "Na wewe, mama? Huo upande wako uko aje?"

"Ni sawa," akasema. "Inaniuma tu wakati wa baridi."

"Inauma sana?"

"Julai inauma. Asubuhi nikiinama kuwasha jiko lazima nishike ukuta."

Mimi nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango. Julai mbili zimepita hapa Nyeri, na Julai ya Nyeri si ya kuchezea, na kila asubuhi ya Julai hizo mimi nimeletewa uji kitandani. Sijawahi kujua kwamba kuna mtu anashika ukuta. Daktari alimpima, akasema kovu ni zuri, damu yake ni nzuri, ila joto litamsaidia na kuinama kupunguzwe. Akamwandikia kitu cha kupaka.

Tulipotoka nje nikamwambia, "Hukuniambia."

"Hukuuliza," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema tu, kama mtu anayekuambia duka limefungwa.

Nilitembea nyuma yake mpaka kituoni, nikimwangalia vile anavyotembea. Aibu ilinishika mpaka masikio yakawa moto. Huyu mtu kajitoa kipande cha mwili, na sisi tumekaa kikao, tumeomba, tumepiga makofi, tukampeleka jikoni kwenye safari yake mwenyewe.

Jumapili kamati ikaja. Ilikuwa ndiyo siku ya kupitisha fulana na kuamua basi au ndege. Sebule ikajaa, wengine wakakaa kwenye ndoo zilizofunikwa. Theuri akafungua kwa maombi. Mama Nyawira akatokea mlangoni na chupa ya chai mkono mmoja, vikombe mkono mwingine.

Nikainuka. Nikaichukua chupa mkononi mwake. Hakuiachilia mara moja, tukavutana kidogo pale mbele ya watu.

"Keti," nikamwambia.

"Niketi wapi?"

Kweli hakukuwa na nafasi. Nikamwonyesha kiti changu, kile ambacho hata Theuri huwa hakalii. Akakaa pembeni kabisa, kama mtu anayengoja kuitwa. Mimi nikaanza kumimina chai. Mzee wa rika langu, na suruali ya kanisani, nazunguka na chupa! Nilimwaga kwenye visahani, nikasahau sukari ya Theuri, nikamuunguza mzee mmoja wa kwaya kidole. Wamama walikuwa wakitazamana. Nilipomaliza nikampelekea Mama Nyawira kikombe chake, nikasimama katikati.

"Nawashukuru kwa kuja," nikasema. "Hii kamati naivunja leo."

Theuri akaweka kikombe chini. "Unaivunja?"

"Safari ni ya watu wawili. Mimi na yeye. Ndivyo aliniambia tangu mwanzo, mimi sikuskia."

"Kwa hivyo," Theuri akasema, "tulipokuwa tukizunguka na ndoo ya harambee tukikuombea kwa kila mlango, tulikuwa watu. Sasa umepona, tumekuwa mzigo."

Hilo liliniingia. Nilikuwa nikiogopa sana kusikia neno kama hilo tangu nilipoamka hospitalini, kwa sababu mtu aliyeokolewa na wengi hana pa kujificha kutoka kwa wengi. Lakini nilimwona Mama Nyawira ameshika kikombe kwa mikono yote miwili, hanywi, ananitazama.

"Theuri," nikasema, "bila nyinyi singefika kwa kile kitanda cha upasuaji. Nitakufa nikisema hivyo. Lakini nyinyi mlinifikisha kitandani, basi. Kulikuwa na kitanda cha pili. Kwa hicho alilala yeye peke yake. Hakukuwa na mwenyekiti hapo, hakukuwa na kwaya. Sasa mimi siwezi kuwashukuru nyinyi wote kwa mgongo wake. Huyo mgongo ushafanya kazi ya kutosha."

Nikaendelea haraka kabla sauti haijaniharibikia. Nikawaambia nyinyi nitawafanyia shukrani yenu hapa hapa, na tenti, na mbuzi. Mimi na wanaume wenzangu ndio tutapika. Mama Nyawira atakaa kwenye kiti cha mbele, na mtu yeyote akimtuma hata kijiko tutajuana.

Warigia ndiye aliyekuwa wa kwanza kunijibu. Alipiga paja kofi. "Baba Nyawira, mimi nilikuwa nashangaa utaamka lini! Mimi mwanamume akinishukuru kwa kunipatia sufuria nipikie watu ishirini, ningeomba figo yangu irudishwe." Wamama wakaangua kicheko, hata wale wa kwaya, na wengine waliokuwa wamekasirika wakashindwa kuendelea kukasirika. Yule mzee wa kuitazama bahari akiwa mbali akasema yeye kwa kweli alikuwa haendi, alikuwa anaogopa kusema.

Theuri hakucheka. Alichukua kofia yake akatoka, na kabla hajafika langoni watu walishaona kwenye simu: mwenyekiti ametoka kwenye kundi. Salamu hajaninyima, lakini mpaka leo ananipa mkono wa baridi. Ile fulana ya mfano, nasikia, huivaa akilisha nguruwe. Sawa, nimestahili.

Wageni walipoondoka nikabeba vikombe mpaka karai la nje, nikaanza kuosha. Mama Nyawira alikuja akasimama, akatazama vile ninavyoosha, akaona aibu kwa niaba yangu, akachukua kitambaa akawa anapangusa. Jua lilikuwa bado liko. Nyawira, niliyempigia jana yake kukiri kosa, alikuwa ametuma ujumbe kwamba ameshatukatia tikiti mbili, na Ahmednoor, niliyempigia simu asubuhi kumwomba msamaha, alikuwa amenipa jina la hoteli ya Mji Mkongwe ambako yeye na Fowsia walilala.

"Kuna kitu nataka kuuliza," nikasema.

"Uliza."

"Kwa nini Zanzibar? Wewe hata Mombasa hujawahi kutaka."

Alipangusa kikombe kimoja kwa muda mrefu sana, kikombe ambacho kilikuwa kimekauka.

"Ile siku kabla ya kupasuliwa," akasema, "wewe ulikuwa wadi ya wanaume, mimi wadi ya wanawake. Kulikuwa na televisheni kwa ukuta, haina sauti. Ikaonyesha Zanzibar. Milango kubwa kubwa iko na misumari ya shaba. Watoto wanaruka kwa bahari kutoka kwa ukuta, wanacheka, lakini huskii. Na mimi nilikuwa naogopa, Baba Nyawira. Niliogopa mpaka meno zikawa zinagongana, nesi akaniletea blanketi ya pili akidhani ni baridi."

Nilikuwa sijawahi kusikia hayo. Siku ile alipita wadini kwangu akanitengenezea mto, akaniambia nisiwe mwoga kama mtoto.

"Nikaambia Mungu," akasema, "tukiamka wote wawili, huyu mtu nitampeleka pale tuone hiyo milango na yeye. Nikiamka peke yangu, sitaki kuiona hata kwa picha."

Nikaacha kuosha. Wakati huo wote mimi nilikuwa nadhani namlipa. Nilidhani safari ni zawadi yangu kwake, nimekosea tu idadi ya watu. Kumbe shukrani ilikuwa yake. Kumbe yeye ndiye alikuwa anashukuru kwamba mimi niko, na mimi ndiye niliyekuwa napelekwa.

Machozi yakanitoka, na mikono ilikuwa na povu, sikuweza kujipangusa. Akanipangusa yeye na kile kitambaa cha vikombe.

Nimewashukuru madaktari. Nimewashukuru watu wa harambee kwa kipaza sauti, jina kwa jina. Nimemshukuru Mungu kanisani nikiwa nimepiga magoti. Mtu wa nyumba yangu sikuwahi kumwambia, kwa sababu kwetu mwanamume hamwambii mkewe hivyo, eti anajua mwenyewe.

"Asante," nikasema.

"Ati?"

"Asante, Phyllis."

Aliweka kikombe chini juu ya jiwe. Akanigeukia, hakuuficha uso.

"Rudia," akasema. "Rudia polepole. Hii nimeingoja."